Mlango Nambari 4444: Historia ya Roboti Wanaoendesha Vivinjari

Makala ya leo ni ndefu kidogo, kwa hivyo chukueni chai kwanza.

Vijana wanaoingia katika kazi hii ya kuandika programu huniuliza swali hili mara kwa mara: inakuwaje seva ya majaribio, isiyo na data ya mteja hata mmoja, ndiyo inayovamiwa kabla ya seva zile muhimu? Jibu fupi ni kwamba hakuna aliyeifunga. Jibu refu ni historia, nayo inaanzia Chicago mwaka 2004.

Mwaka huo Jason Huggins alikuwa akifanya kazi ThoughtWorks, kampuni ya ushauri wa programu. Yeye na wenzake walikuwa wakiunda mfumo wa ndani wa kuandikia saa za kazi na gharama, yaani ile fomu ambayo kila mfanyakazi huichukia mwisho wa wiki. Mfumo ulitumia JavaScript kwa wingi, na wanaokumbuka miaka ile wanajua kitu kilichofanya kazi vizuri kwenye Internet Explorer kilivyoweza kugoma kabisa kwenye Mozilla. Kila walipobadilisha jambo, ilibidi mtu aketi abofye kila kitufe upya, katika kila kivinjari. Huggins akaandika programu ya JavaScript inayoingia ndani ya kivinjari chenyewe na kubofya badala ya mtu.

Jina lake lilitokana na utani. Kampuni kubwa ya programu za majaribio wakati huo iliitwa Mercury Interactive. Mercury ni zebaki, zebaki ni sumu, na inasemekana madini ya seleniamu husaidia aliyedhurika na zebaki. Basi, Selenium. HP ilikubali kuinunua Mercury mwaka 2006 kwa takriban dola bilioni 4.5. Selenium nayo hadi leo ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu.

Sasa hapa ndipo panaponivutia mimi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 vivinjari vimekuwa na sheria moja kuu ya usalama, ambayo Netscape ndio waliyoileta: skripti iliyotoka tovuti moja hairuhusiwi kusoma kurasa za tovuti nyingine. Bila sheria hiyo, ukurasa wa vichekesho uliofungua kwenye dirisha moja ungeweza kusoma salio lako la benki kwenye dirisha la pili. Tuiite sheria ya asili moja. Selenium ya kwanza ilikuwa skripti kama skripti nyingine, kwa hivyo ilifungwa na sheria hiyo hiyo. Ulilazimika kuweka faili zake ndani ya seva ile ile ya tovuti unayoijaribu. Kama tovuti ni yako, sawa. Kama si yako, huwezi kwenda kwa wenyewe ukawaomba wakuwekee faili zako.

Suluhisho lilikuwa la kijanja mno. Paul Hammant na wenzake hapo ThoughtWorks walianza kazi iliyokuja kuitwa Selenium RC: seva ndogo ya Java inayokaa katikati kama proksi. Kivinjari kinaomba ukurasa, proksi inaufuata huko uliko, kisha inarudi nao ukiandamana na faili za Selenium kana kwamba vyote vimetoka nyumba moja. Kivinjari kinadanganyika. Kwa upande mwingine, seva hiyo ilisikiliza amri kutoka kwa programu yako: fungua ukurasa huu, andika jina hapa, bofya pale. Amri hizo zilipitia poti 4444. Kwa wasiojua, kompyuta moja ina milango mingi ya mtandao, kila mmoja na nambari yake, na ndiyo tunayoiita poti. Wavuti ya kawaida hupita 80 na 443. Selenium ilijichukulia 4444, na imeishi hapo hadi leo.

Kwa maneno mengine chombo hiki kilisimama juu ya mbinu ya kuzunguka ulinzi wa kivinjari. Sisemi hivyo kulaumu. Chombo cha kujaribu tovuti lazima kiweze kufanya kila anachoweza kufanya mtumiaji, la sivyo hakina maana. Lakini matokeo yake ni kwamba yeyote anayekiamuru chombo hicho anakuwa mtumiaji. Na mwaka 2005 hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu seva ilikuwa chini ya meza ya mpogramu na waya wake haukutoka nje ya ofisi.

Mwingereza Simon Stewart alikuja na njia nyingine, WebDriver, ambayo haikuhitaji kumdanganya mtu. Ilizungumza na kila kivinjari moja kwa moja kwa lugha yake. Mwaka 2009 miradi hiyo miwili ilitangaza kuungana, na Selenium 2.0 ikatoka Julai 2011. Kati ya hapo, mwaka 2008, Philippe Hanrigou alileta Selenium Grid. Hii ndiyo mhusika mkuu wa makala yangu, kwa hivyo niieleze vizuri.

Ukiwa na majaribio elfu moja na kila moja linachukua nusu dakika, utangoja zaidi ya saa nane. Grid inakuwezesha kuyagawanya. Kuna kompyuta moja iitwayo kitovu, na nyingine nyingi ziitwazo nodi, kila nodi ikiwa na vivinjari vyake. Programu yako inabisha kwenye kitovu: naomba Firefox kwenye Linux. Kitovu kinatafuta nodi iliyo huru, kinafungua kivinjari, na kukukabidhi usukani. Kazi ya saa nane inakwisha wakati wa chakula cha mchana.

Kitovu hakikuuliza wewe ni nani. Hakukuwa na jina la mtumiaji wala nywila. Nimewasikia watu wakisema huo ulikuwa uzembe, nami sikubaliani nao kabisa. Wakati ule karibu kila chombo cha ndani kilijengwa hivyo. Memcached haikuuliza. Redis haikuuliza. Imani ya miaka ile ilikuwa kwamba ofisi ni boma, faiwoli ndiyo ua, na aliye ndani ya ua ni wa nyumbani. Tena majaribio huendeshwa na mashine usiku wa manane, na kila nywila unayoongeza ni kitu kimoja zaidi cha kuvunjika saa nane za usiku. Kosa lilikuja baadaye, pale ua ulipoondolewa na watu wakaendelea kuishi kana kwamba upo.

Ua uliondolewa na wingu. Katika miaka ya 2010 seva zilihama kutoka chumba cha nyuma chenye feni hadi kwa wakodishaji wakubwa wa Marekani, ambako kila mashine inaweza kupewa anwani ya hadharani kwa kubofya mara moja. Docker ikafanya kusimamisha Grid nzima kuwa kazi ya mstari mmoja. Mwaka 2017 Chrome 59 ikaja na uwezo wa kufanya kazi bila dirisha, na mwaka huo huo Google wakatoa Puppeteer ya kuiendesha. Kabla ya hapo kulikuwa na PhantomJS ya Ariya Hidayat, iliyotoka 2011. Ghafla kivinjari kikawa kipuri cha seva kama kipuri kingine chochote. Kampuni zikaanza kukitumia kutengeneza risiti za PDF, kupiga picha za kurasa, kukusanya bei za bidhaa. Chrome nayo ina mlango wake wa amri, ambao kwa mazoea ni poti 9222. Huo pia hauulizi nywila.

Juni 2018 shirika la W3C liliipitisha WebDriver kuwa kiwango rasmi cha wavuti. Ndani yake kuna sehemu ya usalama inayopendekeza kwamba, isipoelekezwa vinginevyo, seva ya aina hii ikubali tu maombi yanayotoka ndani ya mashine ile ile. Ushauri mzuri. Ila ulikuja miaka kumi baada ya Grid, na ushauri haubadilishi mashine ambayo tayari inawaka mahali fulani.

Na hata kusikiliza ndani ya mashine tu hakutoshi. Hapa ndipo wengi hupotea, tuende polepole.

Kivinjari cha kawaida unachosomea habari kinakaa ndani ya mashine yako. Ukifungua tovuti ya mtu mbaya, skripti yake inafanya kazi ndani ya kivinjari hicho, maana yake inafanya kazi upande wa ndani wa ua wako. Inaweza kubisha kwenye poti 4444 ya kompyuta yako yenyewe. Sheria ya asili moja itaizuia kusoma jibu, ni kweli, lakini kwa aina fulani za maombi haitaizuia kutuma. Na kama amri ni "fungua programu hii", nani anahitaji jibu? Udhaifu wa namna hiyo ulipatikana kwenye geckodriver, kile kiungo kinachoendesha Firefox. Haikukagua aina ya maudhui ya ombi lililoletwa, na ombi lililoandaliwa kwa ufundi lingeweza kumpa mshambuliaji uwezo wa kuendesha msimbo wake. Ulisajiliwa kama CVE-2020-15660 na ukazibwa kwenye toleo la 0.27.0. Selenium Server za kabla ya toleo la 4 zilikuwa na tatizo la ukoo huo huo, CVE-2022-28108.

Kuna ujanja wa pili, mzee kuliko huo. Mshambuliaji ana jina la tovuti lake mwenyewe. Unapolifungua, mwanzo linaelekeza kwenye seva yake. Sekunde chache baadaye analibadilisha lielekeze kwenye mashine yako mwenyewe. Kivinjari kinaona jina ni lile lile, kwa hivyo asili ni moja, kwa hivyo ruksa, soma majibu yote. Watafiti wa Princeton walionyesha chanzo cha mashambulizi haya mwaka 1996, wakati huo dhidi ya vijiprogramu vya Java. Mwaka 2007 watafiti wa Stanford wakaandika jinsi ya kuvilinda vivinjari. Mwaka 2018 Node.js ikakutwa nao kwenye mlango wake wa kutafutia makosa. Kisha ukaja upande wa Selenium Grid, CVE-2022-28109. Kutoka 1996 hadi 2022 ni miaka 26. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa karatasi ile ya Princeton angekuwa tayari ameajiriwa kuandika programu zenye tundu hilo hilo.

Agosti 2024 kampuni ya utafiti ya Oligo ilionyesha njia ya tatu: kwenye Linux na macOS, tovuti ya nje iliweza kufikia huduma za ndani kwa kuita anwani 0.0.0.0, ambayo vivinjari vilisahau kuifungia. Tatizo hilo lilikuwa limeripotiwa kwa Mozilla tangu 2006. Miongoni mwa huduma walizozitumia kuthibitisha ni Selenium Grid.

Lakini usidhani wezi wa kweli walihangaika na ufundi wote huo. Kwa nini mtu apande paa na mlango uko wazi?

Julai 2024 watafiti wa Wiz walichapisha habari za kampeni waliyoiita SeleniumGreed. Kwa kutumia mtambo wa kutafuta vifaa vilivyo wazi mtandaoni, walihesabu zaidi ya Grid 30,000 zinazofikika na yeyote. Kampeni yenyewe ilikuwa imeanza walau Aprili 2023. Toleo lililovamiwa lilikuwa Selenium 3.141.59, la mwaka 2018. Angalieni nambari hiyo vizuri: ni tarakimu za pai, tatu nukta moja nne moja tano tisa. Watengenezaji walikuwa wakitania wakati toleo la tatu likielekea ukingoni, na utani huo ukabaki ukiwaka kwenye seva za watu miaka sita baadaye.

Walichofanya wavamizi hakihitaji udhaifu wowote kwa maana ya kawaida, na ndiyo maana nakiona kuwa somo kubwa kuliko CVE zote nilizozitaja. Unapoomba Chrome kutoka kwa Grid, unaruhusiwa kutaja faili ya Chrome iko wapi kwenye diski. Kipengele hicho kina sababu halali: huenda mtu ana Chrome mbili na anataka kujaribu ile mpya. Wavamizi walitaja Python badala ya Chrome. Grid, mtumishi mwaminifu, ikaiwasha Python pamoja na maagizo waliyoyaambatisha. Kutoka hapo mashine ikafungua laini ya kurudi kwao, ikapakua toleo lililogeuzwa la XMRig, na kuanza kuchimba sarafu ya Monero. Nodi za Grid ni mashine zenye nguvu kwa sababu vivinjari vinakula kumbukumbu kama nzige. Kwa mchimbaji wa sarafu hilo ni shamba lililokwisha kulimwa.

Hasara yake hupimwa kwa ankara. Anayekodi seva kwa saa hulipa vile ilivyotumika, na mashine inayochimba sarafu hutumika saa 24. Kampuni changa ya watu wanne inaweza kumaliza pesa za miezi kabla mtu hajaifungua barua pepe ya bili. Na sarafu ni balaa ndogo. Mashine iliyo ndani ya wingu mara nyingi inaweza kuuliza anwani 169.254.169.254 na kupewa vibali vya muda vya akaunti yake. Capital One walivamiwa kwa kupitia anwani hiyo mwaka 2019, na habari za watu takriban milioni 106 wa Marekani na Kanada zikatoka. Wao hawakupitia kivinjari. Ila kivinjari kinachotii amri ya mgeni, ndani ya wingu, kinaweza kutumwa kwenye anwani ile ile.

Haya. Sasa upande wa pili wa hadithi: nani ana haki ya kubisha kwenye mlango huo ili aone kama uko wazi?

Wazo la kumwajiri mtu akuvamie kwa makusudi ni la kijeshi. Mwaka 1967 Willis Ware wa shirika la RAND alikuwa miongoni mwa waliozungumza hadharani kuhusu hatari ya kompyuta moja kutumiwa na watu wengi, na mwaka 1970 kamati aliyoiongoza ikatoa ripoti kwa ajili ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Mwaka 1972 James P. Anderson aliliandikia jeshi la anga jinsi mvamizi anavyotafuta tundu hatua kwa hatua. Kisha mwaka 1974 Paul Karger na Roger Schell wakatoa ripoti ya kuichunguza Multics, mfumo uliosifika kwa usalama kuliko mingine ya wakati huo. Waliingia. Wakaonyesha pia kwamba mtu angeweza kuficha mlango wa siri ndani ya programu inayotafsiri msimbo, wazo ambalo Ken Thompson alilifanya maarufu kwenye hotuba yake ya tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984. Wote hawa walikuwa na barua mfukoni. Aliyewatuma ndiye mwenye mashine.

Uraiani mambo hayakuwa laini hivyo. Mwaka 1993 Dan Farmer na Wietse Venema waliandika karatasi ya kuwashauri wasimamizi wa seva wajivamie wenyewe ili wajue hali zao. Mwaka 1995 wakatoa programu ya kuifanya kazi hiyo, wakaiita SATAN. Makelele yalikuwa makubwa. Kwa waliokerwa na jina, waliambatisha kijiprogramu cha kutubu kinachopanga upya herufi hizo ziwe SANTA. Mnacheka, lakini mwaka huo huo jimboni Oregon, Randal Schwartz, mtu ambaye kitabu chake kimefundisha watu wengi Perl, alihukumiwa kwa makosa ya jinai. Alikuwa mkandarasi wa Intel, akaendesha programu ya kukisia nywila dhidi ya nywila za Intel. Alisema alitaka kuonyesha kwamba ulinzi umedhoofika. Hakuwa na idhini ya maandishi. Aliamriwa kulipa zaidi ya dola 68,000 na kuwekwa chini ya uangalizi. Rekodi yake ilifutwa mwaka 2007, miaka 12 baadaye.

Na hata barua haitoshi kama aliyeisaini si mwenye mlango. Septemba 2019 wataalamu wawili wa kampuni ya Coalfire walikamatwa usiku ndani ya mahakama ya kaunti ya Dallas, Iowa. Idara ya mahakama ya jimbo ilikuwa imewaajiri wajaribu usalama wa majengo, barua wanayo, nambari za simu za kuthibitisha wanazo. Polisi wa kwanza kufika waliridhika. Mkuu wa polisi wa kaunti alipofika akasema jengo ni la kaunti, si la jimbo, na jimbo halina mamlaka ya kumruhusu mtu kulivunja. Wakalala ndani. Mashtaka yalifutwa Januari 2020, baada ya miezi ya kuonekana wezi mbele ya dunia nzima.

Kisa cha Iowa nakitaja kila ninapofundisha, kwa sababu kinafanana mno na wingu. Seva ni ya mteja, lakini jengo ni la mkodishaji. Mteja akikuandikia barua, je, mkodishaji amekubali? Amazon kwa miaka mingi walitaka uwaombe ruhusa kabla ya jaribio lolote la kupenya. Mwaka 2019 waliondoa sharti hilo kwa orodha ya huduma zao, ila mambo mengine, kama kuizidisha seva maombi hadi izimie, yakabaki na masharti yake.

Hapa kwetu Kenya kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018. Mnakumbuka vifungu 26 vilisimamishwa na mahakama mwaka huo, hadi hukumu ya Februari 2020. Ilipoandikwa, kifungu cha 14 kilimpa anayeingia kwenye mfumo bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu hicho kinazungumzia kukiuka hatua za usalama. Nimesikia vijana wakibishana: Grid isiyo na nywila haina hatua yoyote ya usalama, kwa hivyo nimekiuka nini? Mimi si wakili. Ila sheria hiyo hiyo inaeleza kwamba kuingia bila idhini ni kuingia bila kibali cha mwenye haki ya kutoa kibali, na sioni hakimu atakayevutiwa na hoja ya "nilikuta mlango wazi". Jaribu kuitoa mbele ya mwenye nyumba uliyemkuta sebuleni kwake. Kifungu cha 18, kinachohusu vifaa na programu za uvamizi, ndicho kinachotusaidia sisi, maana kinaacha nje mafunzo, majaribio na ulinzi ulioidhinishwa. Neno zito hapo ni ulioidhinishwa.

Nimewahi kufanya kazi moja ya namna hii kwa kampuni ambayo sitaitaja. Barua ilitaja anwani kumi na sita za IP. Siku ya pili, ukurasa mmoja wa ndani ulitaja anwani ya kumi na saba, na kando yake nambari 4444. Kila mtu wa kazi hii anajua muwasho unaokuja hapo. Ukifungua ukurasa ule tu, utaona toleo, utaona nodi ngapi zipo. Sikuufungua. Nilimpigia simu aliyesaini barua, akauliza kwa wenzake, na ikabainika kwamba mashine ile ilikuwa ya mkandarasi mwingine kabisa aliyewajengea programu ya simu. Ilichukua siku nne kupata barua ya pili yenye saini ya mkandarasi huyo. Siku nne hizo niliandika ripoti ya sehemu nyingine. Barua ilipofika niliufungua ukurasa: 3.141.59, nodi mbili, bila nywila.

Tulichofanya kuirekebisha hakina ufundi wa kutisha. Waliiweka nyuma ya mtandao wao wa ndani, wakahamia Selenium 4 (ilitoka Oktoba 2021, na ina sehemu ya kuweka jina la mtumiaji na nywila kwenye kitovu), na wakazinyima nodi ruhusa ya kutoka nje isipokuwa kwenye tovuti wanazozijaribu. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi na ndilo watu hulisahau. Nodi isiyoweza kuzungumza na dunia haiwezi kupakua mchimba sarafu.

Watengeneza vivinjari nao wameanza kukaza. Mwaka 2023 Chrome 111 ilianza kukataa kurasa za wavuti zinazojaribu kuunganisha moja kwa moja na mlango wa 9222. Mwaka 2025 Chrome 136 ikakataa kuufungua mlango huo juu ya wasifu wa kawaida wa mtumiaji, kwa sababu programu za wizi zilikuwa zikiutumia kunyakua vidakuzi vya watu walioingia kwenye akaunti zao. Mpogramu anayetaka kuutumia lazima ataje folda nyingine isiyo na maisha ya mtu ndani yake.

Lakini wakati huo huo kizazi kipya kimeingia uwanjani, cha programu za akili bandia zinazopewa kivinjari ziendeshe zenyewe. Na kizazi hicho kimeanza pale pale ThoughtWorks walipoanzia. Mwaka 2025 chombo kiitwacho MCP Inspector, cha kujaribia viungo vya programu hizo, kilikutwa hakina uthibitisho wowote kati ya ukurasa wake na proksi yake ya ndani. Mpogramu akifungua tovuti mbaya, tovuti inaita 0.0.0.0, proksi inatii, na mashine yake si yake tena. CVE-2025-49596, alama 9.4 kati ya 10. Toleo la 0.14.1 lililoiziba tundu hiyo lilifanya mambo mawili: lilianza kukagua ombi limetoka asili gani, na kila proksi inapowashwa sasa inaunda neno la siri jipya, ambalo bila kulitaja husikilizwi.